Unga wa Mbao

Japar alikuwa ameushika mkono wa shemeji yake, Mamasaly, na hakuwa na nia ya kuuachia. Kwa mkono wa pili alimshika mwenye gari, mtu mnene aliyevaa koti la ngozi, na yeye katikati akaitikisa mikono yote juu na chini kama mtu anayepampu maji kisimani. Watu walikuwa wamekwisha kuwazunguka. Soko la magari la Jumapili halina burudani nyingine, na baridi ya Novemba inataka watu wakae karibu karibu.

"Elfu tano na mia nne," alisema mwenye gari.

"Elfu tano," alisema Mamasaly.

"Elfu tano na mia mbili, dola, semeni baraka," alisema Japar akizidi kutikisa. "Wewe mwenye koti, kunjua uso, huuzi figo yako. Shemeji, sema baraka twende tukanywe chai."

"Sijaliendesha hata mita mia."

"Umekaa ndani?"

"Nimekaa."

"Gia umezipitisha?"

"Nimezipitisha injini ikiwa imezima."

"Zikoje?"

Mamasaly alikuwa ameendesha lori la serikali miaka thelathini na moja, akipandisha makaa ya mawe na kushusha ng'ombe. Kuhusu gia hakujua kusema uongo. "Laini," alisema. "Laini sana. Lakini nilitaka nilifikishe darajani na kurudi, niisikie ya nne na ya tano."

Japar aliacha kutikisa. Mikono hakuiacha. Aliwageukia watu kwanza, kisha shemeji yake.

"Miaka kumi na minane mimi ni dalali hapa. Leo namtafutia gari mtoto wa dada yangu, mtoto niliyembeba mgongoni. Na wewe unataka kupima. Unapima gari, au unanipima mimi?"

Watu wakacheka. Mmoja alisema mzee apewe kipimajoto, mwingine akasema aanze kwa kuyapima meno ya dalali.

Salkynay alikuwa nyuma ya mumewe, fedha zote zikiwa zimezungushwa kiunoni mwake chini ya sweta tatu. Aliyaona masikio ya Mamasaly yakiwa mekundu. Alielewa. Mali ya mtu baki unaipima mpaka mwenyewe akasirike, lakini alichokishika ndugu wa mkeo kwa mkono wake hakipimwi, maana ni sawa na kuutemea mate mlango uliomtoa mkeo. Mamasaly aligeuka akamtazama. Na Salkynay, aliyemlea Japar tangu akiwa na miaka minne, aliyemfunga kamba za viatu na kumpangusa kamasi, alimtazama mumewe akatikisa kichwa: kubali.

Mtikiso huo wa kichwa ndio uliokuja kumnyima usingizi baadaye.

"Baraka," alisema Mamasaly.

Mikono ikaachiwa, viganja vikainuliwa, vikapitishwa usoni. Amin. Palepale gari likawa lao, na hata kama lingeanguka vipande viwili dakika ileile, lingeanguka likiwa lao.

Salkynay alienda nyuma ya kibanda cha sambusa kuzitoa fedha. Muuza sambusa, mwanamke mwenye mikono iliyoungua kwa tanuri, alimkinga kwa aproni yake huku yeye akivua sweta moja baada ya nyingine, tumbo wazi kwenye upepo. Mvulana mmoja alipita akapiga mluzi. "Mama anazaa dola," alisema, na wenzake wakacheka. Salkynay naye alicheka kidogo. Siku hiyo alikuwa na furaha. Angecheka hata kama wangemrushia matope.

Tilek, mwanawe, alikuwa bado amesimama kando ya gari. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mikono yake ilikuwa ya mtu wa miaka hamsini. Gari lilikuwa la Kijerumani, la kifahari, jeusi, lenye viti vya ngozi na ubao unaong'aa kwenye dashibodi. Lilikuwa na miaka ishirini na saba, lakini lilikuwa limesimama pale kwa kiburi kama mgeni wa heshima. Gia za mkono. Otomatiki zilikuwapo sokoni, na kwa bei hiyohiyo, ila Mamasaly alizikataa zote. Barabara ya kwenda mji mkuu, Bishkek, hupanda milima miwili yenye barafu, na mtu anayeishuka lazima aishike injini kwa gia, si kukanyaga breki mpaka zitoe moshi. Abiria nao wanajua hivyo. Kwa gari la namna hii, lenye joto ndani na dereva mwenye gia mkononi, mtu analipa zaidi bila kunung'unika. Safari mbili kwa wiki. Ndiyo ilikuwa hesabu yote ya nyumba ile.

"Mama," alisema Tilek, "njoo uguse kiti."

Alikigusa.

* * *

Nyumbani kwao Uzgen, ukutani juu ya meza ya jikoni, palikuwa na msumari. Kila mtu wa nyumba za huko anayesafiri mbali hung'ata kipande cha mkate wa tanuri kabla ya kutoka, na mkate uliobaki hutundikwa ukutani, umngoje arudi aumalize. Tilek alikuwa ameng'ata mikate sita. Miaka sita alikwenda Urusi kumwaga zege na kukwangua theluji juu ya mapaa ya watu, na miaka sita mkate wake ulikauka juu ya meza, mgumu kama ubao, alama za meno yake zikionekana, mama yake akiufuta vumbi kila Ijumaa. Aliporudi safari hii, aliuloweka mkate wa sita kwenye chai, akaula wote. Kisha alichukua koleo akaung'oa msumari.

"Sitang'ata tena," alisema. "Nikiondoka hapa ni asubuhi, nikirudi ni kesho yake."

Msumari Salkynay aliuweka kwenye kopo la vifungo. Hakuna aliyeulizia.

Bintiye Tilek, Aizada, alikuwa na miaka mitano. Baba yake alikuwa na siku kumi na moja tangu arudi, na bado mtoto alimwita "yule mtu wa kwenye simu". Alikubali kumsogelea siku gari lilipoingia uani. Tilek alimpakata nyuma ya usukani, akaushika mkono wake mdogo juu ya kichwa cha gia. "Moja," alisema. "Sasa mbili." Mtoto akapitisha gia, mkono wake chini ya wa baba yake, injini ikiwa imezima, na zikaingia zote bila kelele. Begimay, mkewe Tilek, alisimama mlangoni na unga mikononi, akatazama, akarudi ndani haraka.

Majirani walikuja kulitazama. Kila mmoja aliweka kitu juu ya dashibodi, kama inavyopaswa kitu kipya kinapoonekana kwa mara ya kwanza: noti ya som mia, leso, peremende. Mwanamke mmoja alifunga kitambaa cheupe kwenye kioo. Japar alikuja mwisho, akapiga honi mara tatu, akauliza kama gari linanenepa au linakonda.

"Udalali wako, shemeji," alisema Mamasaly akimpa bahasha.

Japar aliisukuma bahasha kwa kidole kimoja. "Kwa mtoto wa dada? Nitamwangalia vipi mama yangu kaburini? Chinjeni kondoo Ijumaa, tulioshe gari kwa supu, inatosha. Kondoo dume lakini. Mwenye mafuta."

Salkynay alifurahi kwa neno lile mpaka akaona haya. Jioni alimwambia mumewe, "Unaona? Na wewe ulitaka kumpima."

Mamasaly alikuwa anavua buti. "Nilitaka kusikia gia ya nne," alisema.

* * *

Jumatano Tilek aliondoka alfajiri na abiria wanne. Alirudi Alhamisi mchana, gari likiwa limefungwa kwa kamba nyuma ya lori la makaa.

Alishuka. Alikunywa maji, akakaa kwenye ngazi. Masizi ya lori yalikuwa yamempaka usoni, na njia mbili safi zilishuka kutoka machoni. Baridi, alisema, upepo wa mlimani.

"Lilianza kulia tulipofika Toktogul," alisema mwishowe. "Injini ilipopata moto. Kwanza kama paka. Nikasema ni tairi. Nikapanda mlima, likalia kama mtu. Gia ya nne ikaruka, ikajitoa yenyewe. Nikarudi ya tatu, ikakwama hapo. Haitoki, haiingii. Tukasimama kwenye barafu, pembeni bonde."

"Abiria?" aliuliza baba yake.

"Walishuka. Palikuwa na mama mmoja anampeleka mtoto hospitali, mtoto ana moyo mbovu. Nilimvalisha koti langu. Tulingoja saa tatu nzima, baba. Lilipopita gari jingine, wakasema niwarudishie nauli, tena nilipie na hilo gari jingine. Nikawapa. Yule mama hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Fundi Hoshim alikaa mtaa wa tatu, mzee wa Kiuzbeki mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuja na beseni na spana zake, akalala chini ya gari juu ya gunia, akaipapasa giaboksi ile kwa vidole. Alipofungua kizibo, oili haikutiririka. Ilidondoka kwa mabonge mazito, meusi, kama uji ulioungua.

Alitoka chini, akalisugua bonge moja katikati ya vidole vyake viwili, akawaonyesha.

"Unga wa mbao," alisema. "Unga wa mbao na grisi nene ya matrekta, na hapa kuna uzi, nafikiri soksi. Meno yameisha humu ndani. Ukijaza hivi, likiwa baridi gia zinaingia laini kama kijiko kwenye samli. Hazilii kabisa. Likipata moto, ndiyo mnaanza kusikia ukweli."

Mamasaly alikaa chini, palepale juu ya theluji.

"Na ukitoa mpira wa mlango," aliendelea Hoshim akiutoa, "rangi ya chini ni hii. Maziwa. Hizi huko kwao Ujerumani zilikuwa teksi. Ndiyo maana ni gia za mkono. Litazameni. Kilomita milioni moja limekwenda, wakalipaka weusi kama bwana harusi."

"Giaboksi nyingine inapatikana?" aliuliza Tilek.

"Bishkek, labda. Bei yake ni karibu nusu ya gari. Na injini sikuahidi, mwanangu, inakula oili." Hoshim alifuta mikono yake polepole, kidole kimoja kimoja. Alimtazama Salkynay, akaangalia pembeni. "Sikujua ni nyinyi mmelinunua. Ningejua ningekuja kwa miguu yangu usiku ule ule."

"Unalijua gari hili?" aliuliza Salkynay.

"Lililetwa kwangu mwezi wa tisa. Nilijaze unga. Nikakataa, nikamwambia atafute fundi mwingine wa kwenda naye motoni."

"Mtu wa koti la ngozi?"

"Yule ni mtu wa kusimama tu pembeni, analipwa kwa siku." Hoshim alikusanya spana zake. "Dada, usinifanye niseme. Mwenye gari ni ndugu yako."

Aizada alikuja na fimbo, akaichovya kwenye beseni, akauliza kama ule ni uji wa gari.

* * *

Kondoo alikuwa amekwisha kununuliwa. Wageni walikuwa wamekwisha kualikwa, ishirini na wawili, na mwaliko wa mtu mzima haurudishwi kama kiatu kisichotosha.

"Kesho tutakula, tutanyamaza," Mamasaly alimwambia mkewe usiku, akiwa ameupa mgongo ukuta. "Wakiondoka nitazungumza naye faragha."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia arudishe hata nusu."

"Na akikataa?"

"Salkynay, mimi ni dereva," alisema. "Mtaa mzima unajua mimi ni dereva. Ukisema kesho, watacheka mpaka theluji iyeyuke. Usiniweke uchi mbele ya watu."

Hapo Salkynay alielewa kwamba mumewe aliona haya zaidi kwa kudanganywa kuliko alivyokasirika kwa kuibiwa, na akaona pia kwamba Japar alikuwa ameijua haya hiyo mapema, ameipigia hesabu pamoja na grisi na soksi, ameiweka ndani ya bei. Alitoka nje akasimama karibu na gari, akatema mate kwenye theluji, mara ya kwanza, mara ya pili, na ladha chungu mdomoni haikutoka.

Ijumaa wakaja. Wakakaa juu ya magodoro kuzunguka kitambaa kirefu, maandazi madogo yamemwagwa katikati, pilau ya mchele mwekundu wa Uzgen ikitoa moshi, chai ya kijani ikizunguka kwenye bakuli. Japar alikaa juu, mbali na mlango, mahali pa heshima, amevua soksi moja kwa sababu ya joto. Alikuwa anasimulia jinsi alivyompunguzia bei yule bahili wa koti la ngozi.

"Kama si mimi, mngelia machozi ya elfu sita," alisema. "Tilek, mwanangu, mbona uso huo? Gari limekushinda? Gia za mkono zinataka mwanamume."

Tilek alikuwa anawamiminia wageni maji ya kunawa. Baba yake alimtazama, naye akapita kwa mtu wa pili.

Jikoni Salkynay alikuwa anapanga nyama. Kila mfupa wa kondoo una mtu wake, na mwanamke aliyelea nyumba hakosei sahani hata moja. Nyonga kwa wazee, mbavu kwa mashemeji, mguu kwa vijana. Kichwa, mwaka huu, kila mtu alijua ni cha mjomba aliyemnunulia mpwa gari. Anayepewa kichwa hukata sikio, akampa mtoto mdogo kuliko wote, ili awe msikivu kwa wakubwa zake. Salkynay alikitazama kichwa kile. Miaka mingi nyuma, nyumbani kwa baba yake, sikio lilikuwa la Japar kila mara, na kila mara alilila akimwangalia yeye, kuona kama dada anaona.

Alikata sikio. Kichwa alikipeleka kwa Mzee Kadyr, mkubwa wa mtaa. Mbele ya ndugu yake aliweka sahani nyeupe, pana, na katikati yake sikio moja la kondoo.

Mazungumzo yalikatika kwa upande ule wa kitambaa, kisha upande wa pili. Mtu aliyekuwa ananywa chai aliishusha bakuli bila kumeza. Japar aliitazama sahani. Shingo yake ikawa nyekundu. Kisha, mbele ya macho ya wote, ikarudi rangi yake.

"Dada yangu anakumbuka utoto wetu," alisema akicheka. Akalinyunyizia sikio chumvi, akalitia mdomoni lote. Lilikuwa gumu. Chumba kizima kilisikia likivunjika kati ya meno yake, krachu, krachu, na mafuta yakamshuka kidevuni, naye akayarudisha kwa kidole gumba. "Tamu," alisema.

Salkynay alitoka. Aliporudi alikuwa na beseni la fundi Hoshim mikononi. Aliliweka katikati ya kitambaa, kati ya maandazi na pilau.

"Hii ndiyo iliyotoka kwenye gia za gari la mwanangu," alisema. "Unga wa mbao. Fundi Hoshim anasema mwezi wa tisa Japar alimpelekea gari hilo alijaze, akakataa. Gari lilikuwa lake, Japar. Yule wa koti alikuwa amekodiwa. Miaka sita ya mtoto huyu juu ya mapaa ya watu iko ndani ya beseni hili. Sasa semeni, nyinyi wakubwa."

Mamasaly alifunga macho.

"Ndiyo, lilikuwa langu," alisema Japar, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Nani amesema si langu? Nilimsitiri shemeji yangu. Angejua ni langu, angeona haya kupunguza bei. Nilimwekea mtu baki mbele ili apate kubishana kwa uhuru. Unga wa mbao sijui, labda Wajerumani. Lakini mikono ilishikwa, dada. Ulikuwapo. Wewe ndiye uliyetikisa kichwa."

Salkynay aliwageukia wakubwa.

Mzee Kadyr alikuwa ameshika taya la kondoo. Alilinyonya kwanza. Mjukuu wake alikuwa anatafutiwa gari na Japar, jambo ambalo halikutajwa.

"Mwanangu," alisema, "amin ilisemwa. Biashara iliyofungwa kwa amin tukaifungue kwa ajili ya oili? Tutakuwa watu gani?" Alifuta vidole. "Na mume wako si dereva? Dereva wa miaka thelathini hazisikii gia?"

Mmoja akacheka puani. Kisha mwingine. Haikuwa kelele, walicheka kwa adabu, wakitazama chini, mabega yakitikisika, na kila aliyejaribu kujizuia alimwambukiza aliye karibu.

"Liondoe hilo beseni, Salkynay," alisema Mamasaly bila kufumbua macho. "Watu wanakula."

Aliliondoa. Nyuma yake akasikia vijiko vikirudi kwenye pilau. Baada ya chakula viganja vya watu ishirini na wawili vilipanda na kushuka usoni, wakaliombea gari barabara nyeupe, yaani safari njema, wakavaa viatu. Japar aliomba afungiwe nyama ya watoto. Begimay alimfungia, kwa sababu hakuna aliyemwambia asimfungie.

* * *

Wiki mbili gari lilikaa uani. Hati ya mauzo ilisema limenunuliwa lilivyo. Japar hakurudisha nusu wala robo. Alituma salamu kwamba yuko tayari kulichukua kwa spea, kwa dola mia saba, kama kuwasaidia. Siku aliyoleta ujumbe yule mtu wa koti la ngozi, Tilek alimsindikiza mpaka barabarani, akamwambia kitu kwa upole, na yule mtu hakurudi tena.

Jioni hiyo Tilek alikata tiketi ya ndege.

"Nitakwenda mwaka mmoja tu," alisema.

Salkynay alikumbuka kwamba na mara ya kwanza ulikuwa mwaka mmoja tu. Alikanda unga. Asubuhi ya safari alioka mikate mitatu, akachagua ulioiva vizuri kuliko yote.

Walikuwa wamesimama uani, begi limefungwa, kigari kidogo cha jirani kikinguruma nje, pale Japar alipoingia. Koti jipya. Alitembea kati yao kama mtu aliyechelewa kidogo tu kwenye jambo lake mwenyewe, akampigapiga Tilek begani.

"Mtoto anaondoka bila dua ya mjomba wake? Haifai, dada. Yaliyopita yamepita." Akageukia upande wa kibla, akainua viganja. "Ee Mola, mfungulie njia..."

Majirani wawili waliokuwapo wakainua viganja. Begimay akainua. Mikono huinuka yenyewe ikisikia maneno yale.

"Shusha mikono," alisema Salkynay.

Japar aliendelea neno moja au mawili, kisha akanyamaza.

"Hiyo mikono ishushe, Japar. Hapa hakuna mtu anayeombewa kwa mikono hiyo."

Japar alicheka, akamtafuta shemeji yake kwa macho, kama alivyomtafuta siku zote. Mamasaly alikuwa anatazama gari. Theluji ilikuwa imelifunika mpaka madirishani. Alivuta pumzi, akaiingiza mikono yake yote miwili mifukoni. Tilek akaiingiza yake. Begimay akashusha. Wale majirani wakatazamana, wakashusha taratibu, wakijifanya wanajifuta. Ikabaki mikono ya Japar peke yake hewani, viganja juu, minene, misafi. Alisimama hivyo muda ambao ungetosha mtu kuhesabu mpaka kumi. Kisha akaifutia kwenye koti, akatoka, na nje walisikia injini yake ikiwaka mara moja tu, bila shida.

Tilek aliuchukua mkate, akaung'ata pembeni, akatafuna akiwatazama wote. Akamrudishia mama yake. Aizada alikuwa amemshika Begimay gauni.

"Mama," aliuliza mtoto, "anarudi kwenye simu?"

Kigari kilipokwisha kupotea, Salkynay aliingia jikoni na mkate mkononi. Alimwaga kopo la vifungo juu ya meza, akaupata msumari. Nyundo hakuiona, alichukua spana aliyoisahau fundi Hoshim. Alijaribu kuurudisha msumari mahali pake, lakini tundu lilikuwa limechimbika kwa miaka sita, likawa pana, plasta ikamwagika, msumari haukushika. Akaupapasa ukuta kwa kiganja, akatafuta mahali pengine papya, akapiga.